Buti Nilizozilainisha kwa Mawese

Wewe unayeamka alfajiri ukaogopa kushusha mguu chini, haya nayaandika kwa ajili yako. Wenye miguu mizima wakiyasoma na wacheke, hawana kosa, maana hata mimi mwenyewe sasa nacheka. Lakini wewe yasome polepole, tena ukiwa umekaa, na mguu umeuinua.

Mimi ni mnyapara wa wafyekaji hapa Rumonge. Tangu Wadachi waseme kwamba mbung'o waletao malale wanakaa kwenye vichaka vya kando ya ziwa, sisi tumekuwa watu wa panga na shoka. Tunakata matete, tunakata miti inayoinamia maji, tunachoma, tunasogea mbele. Watu wangu ni ishirini na wanane, wamejipanga mstari mmoja mrefu. Mnyapara hakati. Mnyapara anatembea, toka kichwa cha mstari hadi mkia, toka mkia hadi kichwa, tangu jua linachomoza mpaka linaiegemea milima ya ng'ambo. Mnyapara asiyetembea ni mtu mwenye sauti kubwa tu, na watu wa namna hiyo Rumonge tunao wa kutosha.

Tete likikatwa kwa panga hubakiza kishina kilichochongoka. Miaka ya mwanzo nilifanya kazi miguu mitupu, na nyayo zangu zikawa na matundu kama kichujio. Basi nikaapa kwamba nitavaa buti. Haikuchukua muda, akapita askari mmoja aliyemaliza utumishi wake, anasubiri chombo cha kumrudisha kwao Ujiji. Buti alikuwa nazo, mbuzi alikuwa hana. Mimi nilikuwa na mbuzi.

Nieleze nilivyozichagua, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Nilizichagua asubuhi, nimekaa kwenye mkeka, miguu imelala usiku kucha. Nikaziingiza, zikaingia. Nikazibonyeza kwa kidole gumba, kama tunavyobonyeza samaki sokoni. Zilikuwa ngumu kama ubao wa mtumbwi.

"Zinakazana sana," nikamwambia askari.

"Ziache vilevile," akasema. "Zitakuuma wiki mbili, kisha mtapatana."

Wiki mbili! Sisi watu wa Rumonge hatuna subira hiyo, kwa sababu sisi tuna mawese. Mboga inapikwa kwa mawese, nywele zinapakwa mawese, mtoto akizaliwa anasingwa kwa mawese, mlango ukilia unatiwa mawese. Mtu wa kwetu akikutana na kitu kigumu hajiulizi mara mbili. Nikachukua chungu cha mke wangu Hadija, nikakijaza mafuta, nikazizamisha buti siku tatu.

"Ile mafuta ni ya kupika!" Hadija akapiga kelele. "Sasa tutakula nini, buti?"

Zilitoka nyekundu, zinang'aa, laini ajabu. Ungeweza kuikunja moja kama mkeka na kuitia kwapani. Mguu ukiingia unasikia kama umeingia kwenye uji wa vuguvugu. Ijumaa nikazivaa kwenda msikitini, nikaziacha mlangoni kama ada, na tulipotoka tukawakuta mbwa wawili wanazilamba. Watu walicheka mpaka imamu akatoka kuuliza kuna nini. Mimi sikujali. Nilikuwa mnyapara mwenye buti, na hakuna mwingine toka hapa mpaka Gatete aliyekuwa nazo.

Maumivu yalikuja na mvua za masika. Asubuhi moja nilishusha mguu wa kulia kitandani, nikahisi nimekanyaga kishina cha tete, humo humo ndani ya nyumba yangu. Nikatazama chini, sakafu ilikuwa imefagiwa. Nikakanyaga tena, kisigino kikawaka moto. Nikatembea hatua kumi hivi nikiwa nimeshika ukuta, na maumivu yakapungua, hata kufika kazini nilikuwa nimeyasahau. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Mchana unakuachia ujione umepona, ukikaa kula chakula ukasimama tena, unakukumbusha.

Hadija hakuwa na shaka hata kidogo.

"Ni funza. Leta mguu."

Siku hizi kila nyumba ina funza, na kila mwanamke ana sindano yake. Nikalala kifudifudi mlangoni kwenye mwanga, yeye akachimba.

"Iko?"

"Bado. Tulia."

Akapita jirani, akasema Hadija hajui kuchimba, akachukua sindano. Akaja wa pili, akasema wote wawili vipofu. Nilichimbwa na wanawake wanne, kila mmoja na mahali pake alipoona dalili, na funza hakuonekana wala yai lake. Nikainuka na kisigino kile kile kinachouma, sasa na vidonda juu yake. Walipoondoka mmoja akasema, "Pengine alikimbia," wakacheka mpaka njiani.

Mwezi ule nilijifunza kutembea upya, vibaya. Nilikanyagia vidole ili kisigino kisiguse chini. Nyonga ikaanza kuuma kwa kubebeshwa kazi isiyo yake. Msuli wa mguu ule ukanywea, nikiweka miguu sambamba naona mmoja ni wangu na mwingine ni wa mgonjwa. Alfajiri, kabla ya swala, nilikuwa naenda kwa magoti mpaka kwenye mtungi wa maji. Binti yangu Mariamu, wakati ule wa miaka mitatu, akadhani ni mchezo nimemtungia yeye. Kila alfajiri alikuwa ananisubiri apande mgongoni. Nikawa naenda kuchukua udhu kwa magoti na mtoto juu anapiga kelele za furaha, na nakuapia, zipo asubuhi ambazo bila kicheko kile nisingetoka kitandani.

Lakini si uongo, niligeuka mtu mbaya. Ugali ukichelewa nagomba, ukiwahi nagomba kwamba ni wa moto. Hadija aliponiambia niache kuvaa buti angalau siku moja, nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanyamaza siku mbili. Mimi nikaona ameshindwa hoja. Kumbe alikuwa anahesabu kama nina faida yoyote.

Katikati ya masika bwana wa kazi akatukusanya. Alikuwa Mdachi mfupi, mwenye Kiswahili cha kukatakata lakini kinachoeleweka. Akasema mvua zikikatika, kazi inahamia Minago. Tutatoka hapa asubuhi, tutafika kabla ya adhuhuri, na kazi itaanza siku hiyo hiyo.

"Mnyapara mbele," akasema, na akanitazama miguu. "Watu nyuma. Mnyapara akibaki njiani, mimi natafuta mnyapara mwingine hapo hapo."

Bakari, msaidizi wangu, mtu mwema aliyekuwa ananipunguzia mwendo wa mstari bila mimi kumwomba, akaangalia pembeni. Ndiye angepewa. Hakuitaka nafasi ile kwa njia hiyo, nami nilijua, na kujua huko kulinichoma zaidi. Miaka sita nimekuwa mtu wa mbele. Baba yangu alivuka ziwa kutoka Manyema akiwa mtu wa kubeba mizigo ya wengine, na mimi mwanawe nilikuwa naamrisha mstari. Tangu siku ile, watu wengine walipokuwa wakiomba mvua ipungue, mimi nilikuwa naomba inyeshe.

Nikaenda kambi ya wagonjwa wa malale, maana ndiko aliko daktari. Tulikaa barazani chini ya paa la nyasi, foleni ndefu, mvua inapiga pembeni. Kule kila anayefika anashikwa shingo kwanza, kutafuta vitezi, vile vivimbe vya malale. Mtumishi akanishika shingo.

"Mimi ninaumwa mguu," nikasema.

"Shingo kwanza."

Akanishika kulia, akanishika kushoto. Akaja mtumishi wa pili, naye akanishika shingo. Nikawaza, nikikaa hapa mpaka jioni nitaondoka na shingo ndefu na kisigino kile kile.

Karibu yangu alikaa mama mmoja kutoka vilimani, kijana wake mkubwa amelala begani mwake, mdomo wazi, mchana kweupe. Alikuwa na muhogo wa kuchoma ndani ya jani. Akaumega, akanipa nusu bila kuniuliza jina.

"Amahoro," akanisalimu. "Weye iko na nini?"

Nikaona haya kusema. "Kisigino, mama."

Akanitazama, kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka kijana akafumbua macho kidogo. "Kisigino! Mungu akuachie hicho hicho, mwanangu. Hicho hicho, usiombe ingine."

Niliula muhogo ule nikijisikia mdogo. Tangu siku ile sijawahi kusema mbele za watu kwamba mimi ni mgonjwa zaidi ya wengine.

Nilipoitwa ndani nilivua buti mlangoni, kwa adabu, kama mtu yeyote wa kwetu anavyovua. Daktari akakibonyeza kisigino mahali penyewe, nikaruka karibu niguse paa. Akasema si malale, nimshukuru Mungu, ni mshipa wa unyayo umechoka. Nikichovye kwenye maji baridi, nipumzike mwezi mzima. Nikamshukuru, nikatoka, nikavaa buti zangu nje. Hakuziona. Na mnyapara akipumzika mwezi mzima anaitwa mkulima.

Sasa nikueleze habari ya mama mkwe. Alikuja kutoka Gitaza wakati Hadija alipojifungua Mariamu, akasema atakaa siku arobaini, na mpaka sasa yupo. Anaanika ndagala ufukweni, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na hakuna anayewaanika wakauke vizuri kama yeye. Kwetu mkwe ni haya. Simtazami usoni, hanitazami. Simpi mkono. Akiwa anakula, napita nyuma ya nyumba. Tukiwa na neno, Hadija ndiye njia. Wakati ule tulikuwa tumeishi miaka mitatu kiambo kimoja, na kama ungeniuliza pua yake ikoje, ningekudanganya.

Kila asubuhi nilipita ufukweni kwenda kazini, buti nimezishika mkononi zisilowe, chini kabisa kwenye mchanga mbichi, nisije nikakanyaga ndagala za watu. Siku moja nimekwisha pita nikakumbuka nimesahau filimbi yangu. Nikarudi. Nikamwona mama mkwe amechuchumaa pale nilipopita. Ana kijiti na kamba. Anapima unyayo wangu. Akakata kamba, akafunga mafundo, kisha akauchota mchanga wa unyayo wangu, akauinua karibu na macho.

Wewe msomaji, unajua watu wanavyosema juu ya mchanga wa unyayo wa mtu. Mchawi akiuchota, mguu ule ameula. Sikwenda kuchukua filimbi. Nilikwenda kazini nikapiga mluzi kwa mdomo siku nzima, na kichwani nikawa naunganisha. Mguu umeanza lini? Masika. Nani ananiona nikipita kila siku? Nani nilimjibu mwanawe vibaya? Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimekwisha mhukumu.

Nilimwambia Hadija wakati anachambua mchele uani.

"Mama yako ananichukua nyayo. Ndiye anayenila mguu."

Akaacha ungo. "Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti ndogo kidogo.

"Mama yangu? Muchawi?" Machozi yalimtoka, lakini hayakufika mbali, hasira ikayawahi. "Weye iko na kichwa nguvu mpaka imekuwa ugonjwa! Ingia ndani. Kaa. Usitoke."

Nikaingia. Nyumba yetu ina ukuta wa matete kuelekea upande wa jiko. Nikasikia Hadija anamvuta mama yake kwa mkono, wakakaa upande wa pili, na mwanangu akalia kidogo kisha akapewa kitu akanyamaza.

"Mama, bwana yangu anauliza juu ya nini unapima mguu yake."

Nikasikia sauti ya mama mkwe, mara ya kwanza kuisikiliza kwa makini. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka.

"Mwambie bwana yako mimi siwezi kutazama mutu mukwe. Lakini mchanga si mukwe, mchanga naweza kutazama."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie kila asubuhi mguu yake ya kulia inaanguka ndani. Kwanza kisigino ilichimba shimo, na hapa katikati, hapa mutu anapaswa kuacha nafasi, ikalala yote chini; sasa kisigino haigusi kabisa, iko natembea na vidole. Zamani haikuwa vile. Zamani alikuwa na unyayo muzuri. Imeanza wakati alitia ile buti mu mafuta. Ile buti imekufa. Yeye anavaa maiti."

Hadija akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko.

"Na kamba, mama?"

"Nilipima nipeleke kwa Fundi Sefu. Urefu, upana, na pale pembamba. Na mchanga niliangalia kama iko damu, juu ya wale wanawake walimuchimba kama kiazi."

Nilikaa pale gizani mwa nyumba, uso umeniwaka. Nikatamani ardhi ipasuke. Nikasema kupitia ukuta, "Hadija, mwambie mama ninaomba radhi."

"Mwambie radhi nimempa," ukuta ukajibu. "Lakini aivue ile buti."

Kesho yake jioni nikaenda kwa Fundi Sefu, mshona ngozi aliyekaa karibu na mahali mitumbwi inapofika. Ni mtu mwenye ulimi mkali, lakini mikono yake inajua inachofanya. Nikampa ile kamba na buti moja. Akaishika huku na huku akaikamua, kama mtu anavyokamua nguo iliyofuliwa. Ikajisokota yote, na mafuta yakatoka.

"Hii ni buti ama leso ya bibi yako?"

Akabonyeza nyuma kwenye kisigino, pakaanguka ndani. Akaikunja, ikakunjika katikati. Akaitupa chini.

"Sikia, mnyapara. Buti ya kazi ikunjike pale vidole vinakunjika, basi. Katikati ikatae. Nyuma ikatae. Ukiisokota ikatae. Mbele, vidole vipate nafasi ya kusalimiana. Weye ulichagua buti kama mutu anachagua mutumbwi kwa kupenda rangi."

"Askari aliniambia niziache ngumu."

"Na haukusikia. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Akaitazama kamba ya mama mkwe yenye mafundo matatu, akatikisa kichwa kwa heshima. "Nani alipima?"

"Mkwe wangu."

"Angekuwa fundi. Sasa simama. Hapana, simama, usikae! Mguu ya kukaa si mguu ya kazi. Vizuri umekuja jioni, umevimba kidogo. Asubuhi mguu unasema uongo."

Alizitengeneza upya kutoka chini. Soli mbili za ngozi kavu ya ng'ombe zikashonwa pamoja. Nyuma akaweka kikombe cha ngozi ya kiboko kukishika kisigino kisitikisike. Ndani, chini ya upinde wa mguu, akaweka kijito cha ngozi kilichokunjwa, mfano wa mto wa kulalia lakini kidogo tu, kama kilima cha mchwa kinachoanza. Ilimchukua siku nane. Aliponipa alinishika ukosi wa kanzu.

"Ukitia mawese, nitakuja kukuchapa mbele ya watu wako."

Siku nane zile nilikwenda kazini na makubazi ya Bakari, na kila jioni ukuta wa matete ulikuwa na maagizo. Mwambie asubuhi, kabla ya kushuka, akae kitandani, atie kitambaa mu vidole avute, polepole, mara nyingi. Mwambie aokote jiwe ya mviringo ya ziwa, alikanyage akilizungusha wakati anakula. Mwambie akitoka kazini asimame mu maji mpaka magoti. Nilifanya yote. Ziwa jioni ni baridi, na watoto walikuwa wanakuja kumtazama mnyapara aliyesimama majini kama korongo, hana ndoano wala wavu.

Nitasema kweli, haikuwa kwamba nilivaa nikapona. Siku tatu za kwanza kile kijito cha ngozi kilinikera kama jiwe. Siku ya nne nikamtukana Fundi Sefu, kimoyomoyo. Juma la pili nikatembea mstari mara mbili bila kusimama. Juma la tatu nikajiona simba, nikaruka mtaro, na kesho yake nikarudi kwa magoti kwenye mtungi, Mariamu mgongoni, amefurahi kwamba mchezo wake umerudi. Nililia siku ile. Hadija akanikalia karibu akanivuta vidole yeye mwenyewe kwa kitambaa, kimya, mpaka nikatulia. Wakati huo mvua zilikuwa zinapungua, asubuhi ukungu unatoka mapema, na mimi niliutazama ule ukungu kwa chuki.

Halafu asubuhi moja nikashuka kitandani nikaenda mpaka mlangoni, nikafungua, nikasimama kutazama hali ya hewa. Nimefika mtungini ndipo nikagundua kwamba nimetembea. Mariamu alikuwa amesimama na mikono juu, anasubiri farasi wake. Nikambeba mabegani, wima, tukaenda hivyo mpaka ziwani.

Kiangazi kikaingia, na siku ya Minago ikafika. Tulitoka na giza jepesi. Nilitembea mbele. Kila baada ya mwendo Bakari alikuwa anapiga kelele kutoka mkiani, "Mnyapara?" nami najibu, "Nipo!" Watu wakageuza wimbo: wao wanauliza, mimi najibu, mpaka njia yote ikawa ngoma. Kwenye vijito vya mawe nilikwenda taratibu. Pale penye mteremko kisigino kiliniambia neno, nikapunguza hatua, kikanyamaza. Tuliingia Minago jua halijafika utosini, na bwana wa kazi alikuwa amekwisha fika kwa mtumbwi.

Akanitazama buti, kisha akanitazama mimi. "Mnyapara," akasema, na akaanza kunionyesha mahali pa kuanza kufyeka.

Lakini mimi nilijua mtihani bado. Nilikaa chini ya kivuli nikala muhogo na ndagala, nikakaa makusudi, kwa muda mrefu. Kisha nikasimama. Hakuna kitu. Nikakanyaga tena kwa nguvu. Hakuna kitu! Bakari akanikumbatia, na watu ishirini na wanane wakanishangilia kama bwana harusi kwa sababu tu nimesimama baada ya kula.

Nilirudi Rumonge baada ya juma moja, na furaha tele. Nilipita ufukweni asubuhi, na nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Nilitazama mchanga. Ni mazoea yaliyoniingia: sasa natazama nyayo za kila mtu. Pale mbele ya ndagala za mama mkwe zilikuwapo nyayo zake, zinakwenda na kurudi. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitano vilivyozama sana. Kisigino hakikuwapo.

Nilisimama pale. Nyayo zile nilikuwa nazijua vizuri. Zilikuwa zangu za masika.

"Hadija," nikasema nilipofika nyumbani, "muulize mama anaumwa mguu tangu lini."

Akanishangaa. Akaenda upande wa pili wa ukuta, akauliza.

"Tangu weye unanyonya," mama mkwe akasema.

"Mama! Juu ya nini haukusema?"

"Kusimama juu ya mawe kuanika samaki, kila mwanamke wa Gitaza iko naumwa. Nani anauliza? Nilijua tu dawa ya maji na jiwe. Kiatu sikujua, ile nimeona kwa mutu wako."

Sikungoja. Asubuhi ile ile nilirudi ufukweni na kamba, nikachuchumaa kwenye mchanga mbichi, nikapima unyayo wake: urefu, upana, pale pembamba. Akapita jirani, mmoja wa wale wachimbaji wangu, akashika kiuno.

"Ee! Mnyapara anachukua nyayo ya mukwe wake! Njooni muone uchawi!"

"Njooni," nikamjibu, "na wewe nitakupima!"

Fundi Sefu alishona makubazi yenye ukanda wa nyuma, soli mbili, kikombe cha kisigino, na kijito chini ya upinde. Kwa kuwa mama mkwe hawezi kuyajaribu mbele yangu, tulimtuma Hadija akamvishe mara tatu, jioni, wakati mguu umevimba. Mara mbili yalirudishwa. Mara ya kwanza yalibana kidole gumba, mara ya pili mama alisema kijito ni kirefu mno, na alikuwa sahihi.

Zimepita mvua nyingine tangu hapo. Majuzi nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nafunga kamba za buti, mama mkwe akateremka kutoka kwenye ndagala zake. Akapita mbele yangu, uso ameugeuzia ziwa, kama inavyopasa. Akaenda mpaka kwenye mchanga mbichi, mahali ambapo hakuna samaki wa kuanika wala kazi yoyote. Akavua makubazi, akayashika mkononi. Akatembea pwani ile taratibu, miguu mitupu, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akapanda juu akaendelea na shughuli zake bila kunitazama.

Nilimsubiri afike mbali, nikaenda kuangalia. Visigino vyote viwili vilikuwa vimegusa chini.